Milki Isiyo na Shangazi

"Usiseme hivyo Jumatatu, Kalo. Nakuomba."

"Niseme vipi basi?"

"Sema ukweli, lakini uupake mafuta kidogo."

"Ukweli wangu si nywele, Lisiate."

Kalolaine alijibu bila kugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Kwenye mchezo usiku ulikuwa umeingia, bahari imejaa weusi skrini nzima, na ndani ya weusi huo aliuona uso wa Lisiate nyuma ya bega lake kama kwenye kioo: nyusi zile, mdomo ule, na yale macho yaliyokuwa yakikitazama kisogo chake kwa unyenyekevu mkubwa. Alijiahidi kutoyatazama. Akayatazama. Kisha jua la mchezoni likachomoza, uso ukapotea, na Kalolaine akakumbuka kwamba alikuwa amekasirika.

Ni haki kueleza hapa, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuharibu likizo nzima kwa jambo hili, kwamba Milki Elfu ni mchezo wa kompyuta ambamo mtu hukabidhiwa kijiji kimoja cha watu wa kale, akawalisha, akawajengea, akawapigania, mpaka wakawa himaya ya kuogopwa. Vijana wa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, waliupenda mchezo huo kuliko masomo yao, na walikuwa na lalamiko moja tu: Tonga haikuwemo. Walikuwemo Waajemi, walikuwemo Warumi, walikuwemo hata watu ambao historia yenyewe haikuwa na hakika kama waliwahi kuwepo. Tonga, iliyotawala bahari pana kuliko macho, hapana.

Sasa ilikuwemo. Ilikuja ndani ya nyongeza mpya iitwayo Mawimbi ya Kusini, na mtunzi mkuu wa nyongeza hiyo alikuwa Lisiate, mzaliwa wa Kolofo'ou, mwajiriwa wa kampuni ndogo huko Auckland, ambaye kwa wakati huu alikuwa ameketi kwenye mkeka akikuna goti. Na mtu aliyengojwa na visiwa vyote aseme kama nyongeza hiyo imeuboresha mchezo au imeuharibu, alikuwa Kalolaine. Video zake zilitazamwa na kila kijana wa Tonga, wa nyumbani na wa ughaibuni, na alikwishazika michezo kadhaa iliyodhani itaishi. Hukumu yake ya safari hii ilikuwa itoke Jumatatu.

Mtandaoni watu waliwajua hawa wawili kama mahasimu. Walijibizana hadharani kwa maneno makali, watu wakashangilia. Hakuna aliyejua kwamba baada ya kila vita simu ilikuwa ikilia, na mahasimu hao wakawa wanaulizana wamekula nini.

"Uzuri nimeshausema," Kalolaine aliendelea. "Upepo nimeusifu. Nyota nimezisifu. Vile viazi vikuu vya malimbuko vinavyoletwa kwa mfalme kutoka kila kisiwa, nimevisifu mpaka nikasikia njaa. Mitumbwi pacha ilipotia nanga mara ya kwanza nililia. Unajua nililia."

"Najua. Ulinipigia simu unalia, nikadhani kuna msiba."

"Lakini nikishaichukua Samoa, nifanye nini? Nabonyeza, wanatii. Nabonyeza tena, wanatii tena. Mmetuongezea maji tu, Lisiate. Mfalme anakaa juu peke yake na hakuna wa kumwambia hapana. Mfalme gani wa Tonga hakuambiwa hapana? Dada yake yuko wapi?"

Lisiate alitazama nje. Uani nguruwe wa jirani alikuwa akipita na watoto wake kwa mstari, na aliwatazama kana kwamba wana jibu.

"Alikuwepo," alisema mwishowe.

"Alikuwepo wapi?"

"Kwenye matoleo ya kujaribu. Tulimweka, na cheo chake chote. Juu ya mfalme, kama ilivyokuwa. Wale watu wa kuujaribu mchezo wakamchukia. Wakawa wanaandika, huyu mwanamke ni nani, mbona anachukua vitu vyangu? Ikabidi aondoke."

"Nani aliyemwondoa?"

Lisiate alirudia kukuna goti.

"Lisiate. Nani aliyemwondoa?"

"Mimi."

Kalolaine aligeuka sasa. Alimtazama vizuri, mtazamo mrefu, wa kupenda na wa kutaka kumrushia kitu kwa wakati mmoja, na akasema kwa sauti ya chini, "Kama ulivyomwondoa shangazi yangu."

Hilo lilimwingia. Kalolaine aliona lilivyoingia, akaumia yeye pia, lakini hakulirudisha.

Kwani jambo lenyewe ndilo hilo. Lisiate alipofika kutoka Auckland alivaa mkeka wa kiunoni, vazi la heshima, akachukua nguruwe na vikapu vya viazi vikuu, akaenda kumposa Kalolaine kwa baba yake, Mzee Uatesoni. Alizungumza vizuri. Mzee Uatesoni alikubali kabla nguruwe hajamaliza kupiga kelele. Mama alilia kwa furaha, na kaka yake Kalolaine, Penisimani, alitoka nje kwa adabu ili maneno ya mapenzi ya dada yake yasimkute chumbani. Kila kitu kilikuwa barabara, isipokuwa kitu kimoja kikubwa kuliko vyote: hakuna aliyemuuliza Shangazi Ungatea.

Mgeni angesamehewa. Mgeni hajui kwamba huko Tonga dada mkubwa wa baba yuko juu ya baba. Kwamba kwenye harusi mkeka bora ni wake, kwenye msiba yeye ndiye anayeketi kichwani kwa maiti, na kwamba akisema mtoto wa kaka yake haolewi, basi haolewi, na baba anarudisha nguruwe. Lakini Lisiate hakuwa mgeni. Alijua yote hayo tangu akinyonya. Ndiyo sababu kosa lake halikuwa na pa kujificha.

"Alikuwa kisiwani Vava'u," Lisiate alisema. "Kwenye msiba."

"Vava'u kuna simu."

"Nilitaka kumwambia uso kwa uso."

"Ungengoja arudi. Si alirudi? Alirudi Alhamisi, akaambiwa habari za posa yangu sokoni na mwuza matikiti! Mwuza matikiti, Lisiate! Unajua alisema nini? Alisema, 'Posa gani?' Basi. Akanunua tikiti lake akaja nyumbani, na tangu siku hiyo hajaitaja posa tena. Baba halali. Kila akimwona dada yake uani anajificha chooni."

"Na wewe je, unasemaje?"

"Mimi nasema ndege yako ni Jumatatu."

Alitaka kulisema kwa ukali. Sauti ikamsaliti katikati, na Lisiate akanyoosha mkono, akaugusa ukingo wa kiti chake, kiti tu, maana mlango ulikuwa wazi na adabu ilikuwa inachungulia. Vidole vyake vilikaa hapo, karibu na mkono wa Kalolaine, mbali kwa upana wa jani. Hakuna aliyesogea. Kalolaine alilisikia joto la mkono ule kama moto wa jikoni.

Ndipo wote wawili walipotambua kwamba nyuma ya nyumba sauti ya majani ya mkadi, yaliyokuwa yakisukwa tangu asubuhi, ilikuwa imenyamaza.

"Dada wa nani ameondolewa?" iliuliza sauti.

Shangazi Ungatea aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa bado amevaa nyeusi za msiba, na mkeka mpana wa matanga kiunoni uliomfanya achukue nafasi ya watu wawili, ingawa hata bila mkeka aliichukua. Kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wavulana. Wanaume wazima wa Nuku'alofa, wenye biashara na watoto, walikuwa wakimwona barabarani wanachomekea shati.

Lisiate alisimama ghafla, akakumbuka kwamba si adabu ya Kitonga kusimama mbele ya mkubwa, akachuchumaa, akakosa mizani, akaketi.

"Shikamoo, Mama Matroni," alisema.

"Nilistaafu. Umenenepa."

"Ndiyo, Mama Ma... ndiyo, Shangazi."

"Nani kakwambia mimi ni shangazi yako?"

Kompyuta ya Kalolaine ilikaa kwa shangazi kwa sababu inayojulikana: kaka na dada wakishakua hawaketi chumba kimoja mbele ya skrini moja, na Penisimani ndiye aliyewahi chumba cha mbele kule nyumbani. Kwa hiyo kila mchezo aliowahi kuukosoa, aliukosolea kwenye baraza hii, shangazi yake akiwa nyuma yake anasuka na kuuliza mbona wale wenye mikuki hawali. Shangazi Ungatea alikuwa hajawahi kugusa kompyuta, lakini alikuwa ameona himaya nyingi zikijengwa kuliko profesa yeyote.

"Toka kwenye kiti," alimwambia Kalolaine.

"Shangazi?"

"Nimesikia mnagombana kwa ajili ya dada wa mfalme, na mfalme mwenyewe wa Tonga. Jambo la nyumbani kwangu hilo. Toka nione."

Akaketi. Kiti kikalalamika. Akashika mausi kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa mtoto aliyekosa, na mchezo ukaanza.

Lazima isemwe wazi, ili historia isije ikapotoshwa: alicheza vizuri. Alilima viazi vikuu kabla ya kutengeneza mikuki. Alipeleka mitumbwi kisiwani 'Uvea upepo ulipokuwa sawa, akangoja ulipokuwa mbaya, na kila Lisiate alipofungua mdomo kumwelekeza aliinua kidole kimoja bila kumtazama, naye akaufunga. Vava'u ikaja. Ha'apai ikaja. Samoa ikaja na mikeka myeupe mizuri mpaka shangazi akasogeza uso kuiona. Malimbuko yalipoletwa, Kalolaine akaona ukingo wa jicho la shangazi yake unang'aa.

"Hii umeifanya wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Vizuri. Babu yangu alisimulia hivi hivi."

Moyo wa Kalolaine ulipanda. Akamtazama Lisiate, naye akamtazama, na kwa muda mfupi wote wawili wakawa na matumaini kama watoto.

Kisha Shangazi Ungatea akabonyeza. Akabonyeza tena. Akapiga mwayo mrefu, wa wazi, wa mtu aliyelea wavulana wengi na haoni haya kwa lolote.

"Nimeshinda," alisema. "Sasa?"

"Sasa unaendelea kutawala," Lisiate alisema.

"Kumtawala nani? Wote wamelala kifudifudi." Akageuza kiti. "Na huyu mfalme, akitaka kuoa, anamuuliza nani?"

"Haulizi, Shangazi."

"Akitaka kuoza binti?"

"Anabonyeza tu."

"Na dada yake mkubwa?"

Lisiate akainamisha kichwa. Kalolaine alimwona akikusanya nguvu, na licha ya hasira zake zote alitamani kwenda kuketi kando yake kwenye ule mkeka.

"Nilimwondoa, Shangazi. Watu walilalamika, nikamwondoa. Ilikuwa rahisi. Mfalme anakwenda haraka asipokuwa na wa kumuuliza."

"Na mimi?"

Kuku alipita mlangoni, akasimama, akaona hali si nzuri, akaondoka.

"Na wewe vilevile," Lisiate alisema. "Msiba ulikuwa kisingizio. Ningengoja. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kandambili yangu ya bwenini?"

"Niliogopa utasema hapana. Na ukisema hapana, sina tena pa kwenda. Nikikataliwa na baba yake, ningekuja kwako kulia. Nikikataliwa nawe, nakwenda kwa nani? Ninampenda Kalo, Shangazi. Ninampenda mpaka nikawa mjinga. Zamani nilikuwa na akili, wewe mwenyewe uliona ripoti zangu."

"Niliziona. Hesabu ulifeli."

Kalolaine aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania mlango mmoja.

Shangazi Ungatea hakucheka. Aligeuza kiti kuelekea skrini.

"Mrudishe," alisema.

"Nani, Shangazi?"

"Dada wa mfalme. Umesema mlimtengeneza. Hamkumzika, si ndiyo? Mlete nimwone."

Lisiate alikuwa na toleo lile la zamani kwenye kompyuta yake mwenyewe, ndani ya begi. Aliifungua, akaiweka mezani. Mchezo ni ule ule, bahari ni ile ile. Shangazi akaanza upya, akalima, akafuga nguruwe wengi wanono, akatengeneza mtumbwi pacha mkubwa wa kwendea Fiji. Mtumbwi ulikuwa haujagusa maji, likatokea tangazo katikati ya skrini, na ndani yake mwanamke mwenye mkeka kiunoni na kidevu kilichoinuka.

"'Dada yako amekuja,'" Shangazi alisoma kwa sauti. "'Ameupenda mtumbwi wako mpya.' Haya. Kuna vibonye viwili. 'Mpe.' Na huku... 'Mpe kwa furaha.' Kiko wapi cha kukataa?"

"Hakipo, Shangazi," Lisiate alisema.

"Hakipo vipi?"

"Hakipo tu."

Akabonyeza 'Mpe', bila furaha. Mtumbwi ukaenda. Akatengeneza mwingine. Dada akarudi na watoto wake, wakachukua nguruwe, wakachagua wanono, wakaacha mmoja mwenye kilema.

"Mama wee! Huyu mwanamke ana tumbo gani?"

"Ni haki yake, Shangazi," Kalolaine alisema kwa sauti ya kanisani.

"Haki yake ndiyo aniachie kilema?"

"Kwenye harusi ya binamu yangu hukuacha hata hicho kilema," Kalolaine alisema, akasogea nyuma kidogo kwa usalama wake.

Shangazi hakusikia, au alijifanya. Alikuwa ameegemea mbele, mausi ameikamata kwa kiganja kizima, mkeka wa matanga umepinda. Upepo ulibadilika, Fiji ikakorofisha, akaizunguka. Hakupiga mwayo hata mmoja. Akabuni mpango: angemwoza binti wa mfalme kwa chifu mkubwa wa Samoa, Samoa iingie bila vita, mitumbwi ibaki kwa ajili ya Fiji. Ulikuwa mpango mzuri sana. Lisiate mwenyewe, aliyeutunga mchezo, alikuwa hajawahi kuufikiria, akanong'ona "Loo." Shangazi alituma mikeka, akatuma viazi, akamkalisha chifu kunywa kava, kinywaji cha heshima, akaiandaa harusi nzima, na alipobonyeza cha mwisho, yule mwanamke mwenye kidevu akatokea tena.

"'Dada yako amekataa ndoa hii,'" Shangazi alisoma. Akasoma tena, polepole. Kisha akapiga meza mpaka ua alilochomeka Kalolaine sikioni likaruka. "Amekataa? Mimi nimehangaika hivi, nimetuma mikeka, chifu wa watu kashakunywa kava, yeye anatokea huko na kidevu chake anakataa? Kwa kosa gani? Binti anampenda yule kijana!"

Kalolaine alimwangalia Lisiate.

"Shangazi," Kalolaine aliuliza taratibu sana, "ulimuuliza kwanza?"

"Nimuulize wa nini? Si atakataa tu!"

Maneno yakatoka, yakakaa hapo barazani, na hakuna aliyeyagusa.

Mkono wa Shangazi Ungatea ulisimama juu ya mausi. Mtaa wa pili kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya kesho, besi wakiwa mbele ya wenzao kama kawaida. Kalolaine aliona mgongo wa shangazi yake ukianza kutikisika, kidogo, halafu zaidi, na kwa dakika mbaya kuliko zote alidhani analia. Hakuwa analia. Kicheko kilipotoka kilitoka kama mtu anayemwaga ndoo ya maji, na kuku wote wa uani wakatawanyika.

"Ee Bwana," alisema, akijifuta macho kwa pindo la nguo yake nyeusi. "Ee Bwana, mwanamke yule ni mimi kabisa. Kidevu na kila kitu." Akageuka. "Lisiate."

"Naam, Shangazi."

"Njoo hapa mbele. Kaa vizuri. Unajua ungeniuliza mwanzo ningesemaje?"

Lisiate alikuja akaketi mbele yake, miguu imekunjwa, kichwa chini ya magoti yake kama inavyopasa. "Ungesema hapana."

"Ningesema hapana. Halafu ungekuja tena, ningesema hapana tena, ungekuja mara nyingine na samaki. Ndivyo Uatesoni alivyowasumbua wakwe zake, ndivyo marehemu mume wangu alivyotusumbua sisi. Siku zile nyumba ilinukia samaki, kila mtu anacheka, mimi najifanya nimenuna. Hiyo ni raha yangu, na ni heshima ya huyu mtoto, ajulikane kwamba hakuchukuliwa kirahisi. Wewe ukatunyima wote wawili."

"Nisamehe, Shangazi."

"Sikusema uombe msamaha. Nilisema hukuuliza."

Lisiate akainua uso. Hakumtazama Kalolaine, ingawa yeye alimtazama kwa moyo wake wote, akimwombea sauti isitetemeke. Haikutetemeka.

"Shangazi Ungatea," alisema, "nakuomba Kalolaine. Nimwoe."

"Hapana," alisema Shangazi Ungatea, na akageukia skrini.

Kalolaine alishika nguzo ya baraza. Yote aliyokuwa ameyaona mbele yake, nyumba, kelele, huyu mtu akizeeka karibu naye huku wakibishana juu ya himaya za watu waliokufa, yakaanza kufungasha virago.

Lakini Lisiate hakuondoka. Alikaa pale pale, akasema, "Basi nauliza tena."

Shangazi Ungatea alihamisha mtumbwi. Akahamisha mwingine. Hakuinua macho.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza.

Ilimchukua Lisiate muda kuelewa. Kwa hilo asilaumiwe, hesabu alifeli. Kisha akasimama, akajikwaa kwenye begi lake, akakosa kandambili moja, akaiacha na ya pili, akatoka mbio pekupeku kuelekea bandarini kabla wauza samaki hawajafunga. Alipofika langoni akarudi hatua chache.

"Kalo!" aliita. "Jumatatu sema vilevile! Usipake kitu! Nitakwenda nayo hiyo video kwa wakubwa wangu, niwaambie dada wa mfalme arudi!"

"Nenda, samaki wanaisha!" Kalolaine alimpigia kelele, huku analia waziwazi sasa, hana aibu.

Walibaki wanawake wawili na himaya moja.

"Shangazi, kiti changu," Kalolaine alisema baada ya kupenga. "Nahitaji kurekodi."

"Rekodi umesimama. Ule wa kwanza ulinichosha. Huu umeniudhi, sitoki." Akasogeza uso kwenye skrini. "Waambie hivyo hao watu wako. Nendeni mkanunue, lakini mdai dada wa mfalme. Bila yeye ni kupiga makasia kwenye beseni."

Hukumu yote ya Jumatatu ilikuwa imekwishatoka, tena kwa Kitonga safi.

"Na baba je?" aliuliza. "Tangu Alhamisi hali vizuri."

"Vuka uani. Kamwambie kaka yangu nimekubali."

"Nimuulize kama—"

"Usimuulize. Mwambie. Na usimwambie huyo wa samaki mpaka alete."

Kalolaine alivuka uani akiwa hasikii ardhi. Mzee Uatesoni alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma akimenya mihogo ambayo hakuna aliyemtuma kuimenya. Alipomwona binti yake macho mekundu, kisu kilimwanguka.

"Amesemaje?" alinong'ona.

"Amekubali, Baba."

Mzee Uatesoni aliiegemea ngazi. Alivuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine, na mabega yake yaliyokuwa yamekaa masikioni tangu Alhamisi yakashuka mahali Mungu alipoyaweka.

"Nilijua tu," alisema.

"Ulijua, Baba?"

"Mimi ndiye mkuu wa nyumba hii. Nisijue?" Akaokota kisu, akatazama kwa dada yake, akashusha sauti. "Amesema nivae nini kesho?"

Kalolaine alimbusu kichwani, akaenda langoni kungoja.

Lisiate alionekana mwisho wa barabara, pekupeku, amelowa jasho, anakimbia na samaki mkononi aliyefungwa kwa ukindu, na mbwa wawili wa mtaa wakimsindikiza kwa sababu zao wenyewe. Alipofika alishika mlango wa lango kwa mkono mmoja, pumzi zimemwisha. Samaki alikuwa wa wastani. Uso wa Lisiate ulikuwa wa mtu anayekwenda kusomewa matokeo.

"Walikuwa wanafunga," alihema. "Nimepata huyu tu. Kalo, niambie kweli. Anatosha? Kama hatoshi narudi, namwamsha mvuvi nyumbani kwake, namwambia aingie baharini."

Kalolaine alikuwa ameambiwa asiseme. Alimkagua samaki kwa uzito wote, kichwa mpaka mkia, kama anavyokagua mchezo mpya. Kisha akamtazama Lisiate, miguu yenye vumbi, shati lililomganda mwilini, macho yale yale ya kwenye skrini nyeusi, safari hii mbele yake na si nyuma, na hakutaka tena kuyakwepa.

"Anatosha," alisema.

Lisiate akaketi chini pale pale barabarani, na samaki wake mapajani, akaanza kucheka.